Namna ya kupima uendelevu wa kijamii katika mradi wa ujenzi

Mradi unaweza kumalizika kwa wakati, ndani ya bajeti, zege likiwa na nguvu iliyotakiwa, na bado ukawaacha watu pabaya: kibarua anayedai mishahara ya miezi miwili, mpangaji aliyehamishwa mikono mitupu kwa sababu fidia ilikwenda kwa mwenye nyumba, mama mwenye mtoto mgongoni anayevuka mtaro wenye kina cha mita moja na nusu juu ya ubao mmoja. Tathmini ya uendelevu wa kijamii ipo ili mambo haya yaonekane mapema, yapimwe, na yarekebishwe wakati fedha za kuyarekebisha bado zimo kwenye mkataba.

Nyingi ya tathmini hizi huharibika mahali pamoja: zinahesabu karatasi. Sera ipo, alama. Mafunzo yalifanyika, alama. Sanduku la maoni limetundikwa, alama. Mwishoni mradi unapata asilimia 90 na hakuna aliyemuuliza kibarua lini alilipwa mara ya mwisho. Mwongozo huu unafuata kanuni moja: kila alama unayoandika iwe na mtu nyuma yake, na ushahidi wa pili usiotoka kwa yule anayepimwa.

Amua kwanza unapima nini na hadi wapi

Mipaka ni mitatu: muda, eneo na watu.

Kwa muda, mradi una hatua nne zenye athari tofauti: maandalizi (ardhi, usanifu, zabuni), ujenzi wenyewe, matumizi, na ubomoaji au ukarabati mkubwa. Usichague kiwango cha kimataifa kabla ya kujua unapima hatua ipi. Kiwango cha Ulaya EN 16309 cha 2014, kwa mfano, kimeandikwa kwa ajili ya jengo linalotumika: kinaangalia ufikikaji, uwezo wa jengo kubadilishiwa matumizi, afya na starehe, athari kwa majirani, matengenezo, na usalama. Ni kizuri kwa hayo, lakini ukikitumia peke yake kupima eneo la ujenzi, wafanyakazi hawatajitokeza popote kwenye ripoti. Kwa wafanyakazi, jamii jirani na wanaohamishwa, Viwango vya Utendaji vya 2012 vya IFC, tawi la Kundi la Benki ya Dunia linalofadhili sekta binafsi, vinafaa zaidi, hasa namba 2 (kazi na mazingira ya kazi), namba 4 (afya na usalama wa jamii) na namba 5 (utwaaji wa ardhi na uhamishaji). Kwa mnyororo wa ugavi, miongozo ya 2020 ya UNEP, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, kuhusu tathmini ya kijamii ya mzunguko wa maisha (tangu malighafi hadi kutupwa) inagawa wahusika katika makundi sita: wafanyakazi, jamii ya eneo, jamii kwa ujumla, watumiaji, washirika wa mnyororo wa thamani, na watoto. Mradi wenye fedha za Benki ya Dunia nao una Mfumo wa Mazingira na Jamii, ulioanza kutumika Oktoba 2018 ukiwa na viwango kumi.

Kwa eneo, usiishie kwenye uzio. Fuata lori. Barabara inayotoka kwenye machimbo ya kokoto hadi getini, mahali kifusi kinapomwagwa, kambi ya wafanyakazi, na chanzo cha maji kinachotumiwa na mradi, vyote ni sehemu ya mradi. Athari kubwa mara nyingi iko huko: vumbi na mwendo kasi wa malori humpata mwanafunzi anayetembea kwenda shule kilomita tano kutoka mahali nguzo zinaposimamishwa.

Kwa watu, andika orodha kwa kutembea, si kwa kukaa mezani. Pita eneo lote mara tatu kwa nyakati tofauti: asubuhi mapema, saa za kazi, na jioni. Wachuuzi wa jioni hawaonekani saa nne asubuhi, wala wanaochota maji alfajiri hawaonekani mchana. Makundi yanayosahaulika karibu kila mara ni wapangaji, wafanyabiashara wasio na kibanda, vibarua wa siku, watu wenye ulemavu ambao hawatoki nyumbani, na wafanyakazi wa wakandarasi wasaidizi.

Viashiria vichache vyenye meno

Viashiria 20 hadi 25 vinatosha kwa mradi wa kawaida. Ukifika 60, watu wa mradi watajaza jedwali kwa kunakili la mwezi uliopita. Gawa viashiria kwa makundi ya watu, si kwa idara za mradi, ili ukisoma matokeo uone nani ameumia na nani amenufaika.

Kila kiashiria kiwe na kadi yake. Hii ni kadi moja iliyokamilika:

Kiashiria: wafanyakazi waliolipwa kamili na kwa wakati.
Maana: idadi ya waliopokea malipo yote, pamoja na saa za ziada, ndani ya siku 7 baada ya tarehe iliyo kwenye mkataba, ikigawanywa kwa wote waliofanya kazi mwezi huo, wakiwemo wa wakandarasi wasaidizi.
Kipimo: asilimia.
Chanzo cha kwanza: orodha ya malipo na uthibitisho wa benki au wa pesa kwa simu.
Ushahidi wa pili: daftari la getini na mahojiano ya faragha na wafanyakazi.
Marudio: kila mwezi.
Anayewajibika kurekebisha: meneja wa mradi wa mkandarasi mkuu.
Kikomo: chini ya asilimia 95, hatua ndani ya siku 14.

Angalia maneno “wakiwemo wa wakandarasi wasaidizi”. Yakikosekana, mradi wenye watu 250 unaweza kuripoti asilimia 100 kwa kuhesabu 60 walioajiriwa moja kwa moja.

Kiashiria kibovu utakitambua kwa urahisi: kinahesabu kilichofanywa badala ya kilichobadilika. “Mikutano minne na jamii” haisemi lolote. “Maombi ya wakazi yaliyobadilisha michoro au ratiba, na tarehe mabadiliko yalipotekelezwa” inasema.

Hali ya awali, kabla ya greda kuingia

Bila kujua hali ilikuwaje, kila ubishi wa baadaye utaisha kwa neno la mkandarasi dhidi ya neno la jirani. Hali ya awali hupimwa kabla ya kusafisha eneo. Ukianza baada ya nyumba kuvunjwa, umechelewa, na hakuna hesabu itakayokirudisha kilichokuwepo.

Pima kelele mchana na usiku, katika nyumba zilizo karibu zaidi na kwenye sehemu nyeti kama shule na zahanati. Miongozo ya Mazingira, Afya na Usalama ya Kundi la Benki ya Dunia ya 2007 inaweka desibeli 55 mchana na 45 usiku kwa maeneo ya makazi, au ongezeko lisilozidi desibeli 3 juu ya kelele iliyokuwepo. Hiyo “iliyokuwepo” ndiyo usipoipima hutaipata tena. Kwa vumbi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2021 unataja mikrogramu 45 kwa mita ya ujazo kwa PM10 (chembe zisizozidi mikromita 10) na 15 kwa PM2.5 (zisizozidi mikromita 2.5), wastani wa saa 24. Mahali pengi hewa imeshavuka kiwango hicho kabla ya mradi. Basi andika hivyo, na pima mradi umeongeza kiasi gani.

Nyufa za nyumba zinastahili uangalifu wa pekee kwa sababu ndizo huzaa kesi. Kwa kila nyumba iliyo karibu na mahali pa kushindilia udongo, kupigilia nguzo au kulipua mwamba, piga picha kila ukuta ndani na nje, weka rula kando ya kila ufa, chora mstari wa penseli mahali ufa unapoishia na uandike tarehe hapohapo ukutani. Mwenye nyumba na mpangaji watie saini, na nakala ibaki kwao. Mradi ukibaki na nakala peke yake, picha hizo hazimlindi mkazi.

Kwa watakaohamishwa, orodhesha kila kaya na kila chanzo cha kipato, pamoja na vile visivyo na hati. Tarehe ya mwisho ya kuhesabiwa itangazwe waziwazi mahali watu wanapopita, si gazetini tu.

Wafanyakazi: mahali pa kutumia muda mwingi

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ofisi ya mradi hailali kwenye kitanda cha kibarua. Uhakiki wa malipo ufanye hivi.

Chukua mwezi mmoja uliokwisha kulipwa. Fungua daftari la getini, si orodha ya malipo, kisha chagua majina 30 kwa nafasi zinazolingana: kama daftari lina majina 240, chukua kila la nane. Hakikisha kila mkandarasi msaidizi ana angalau majina matatu. Kwa kila jina tengeneza safu nne: mkataba, saa zilizorekodiwa getini, kiasi kwenye orodha ya malipo, na uthibitisho kwamba fedha zilimfikia. Halafu mtafute mtu mwenyewe.

Sababu ya kuanzia getini ni kwamba wanaodhulumiwa zaidi hawamo kwenye orodha ya malipo. Jina lililo getini na halimo kwenye orodha kwa kawaida ni la mtu aliyeletwa na fundi anayelipwa kwa kazi nzima, ambaye naye huwalipa wenzake kutoka mfukoni kadiri anavyoona. Utakutana pia na saini kumi zenye mwandiko mmoja, na saa 11 getini zinazogeuka 8 kwenye malipo. Makato ya buti na kofia ngumu ni kosa jingine la kawaida: kifungu cha 21 cha Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 155 wa 1981 kinasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote.

Ukikuta mishahara imechelewa, usikimbilie kumlaumu aliye chini. Panda mnyororo wa malipo ngazi kwa ngazi: kazi ilikaguliwa lini, hati ya malipo ilisainiwa lini, mwenye mradi alilipa lini, mkandarasi mkuu alimlipa msaidizi lini. Andika idadi ya siku kwenye kila ngazi. Mara nyingi siku nyingi zinapotelea kwa mwenye mradi, yuleyule aliyeagiza tathmini. Ripoti isiyosema hivyo itapendekeza “mafunzo kwa wakandarasi wasaidizi”, na mwezi ujao mishahara itachelewa tena.

Mahojiano yafanyike mbali na nyapara na nje ya ofisi ya mradi, ndani ya siku tatu hadi tano baada ya siku ya malipo, wakati mtu anakumbuka alichopata. Usiandike majina kwenye dodoso. Uliza kwa vitu vinavyohesabika: “Wiki iliyopita uliingia kazini siku ngapi? Ulipokea kiasi gani? Lini?” Swali la “je, unaridhika na malipo?” huleta jibu la heshima tu.

Umri uuangalie kwa macho na kwa nyaraka pamoja. Mkataba wa ILO namba 138 unaweka miaka 18 kuwa umri wa chini kwa kazi za hatari, na kazi nyingi za ujenzi ni za hatari.

Kwa ajali, hesabu kiwango, usihesabu idadi peke yake. Wafanyakazi 250 wakifanya saa 9 kwa siku 24 za mwezi, ni saa 54,000 kwa mwezi. Kwa miezi minane ni 432,000. Wakiumia watu watatu kiasi cha kukosa kazi, kiwango ni 3 × 1,000,000 ÷ 432,000, yaani 6.9 kwa kila saa milioni. Kuna wanaotumia saa 200,000 badala ya milioni, na hapo jibu ni 1.4. Andika umetumia kipi, la sivyo mradi mbaya utaonekana bora mara tano kwa kubadilisha namba hiyo tu.

Sifuri itilie shaka. Eneo lenye mamia ya watu, miezi mingi, bila hata jeraha dogo wala tukio la kuponea chupuchupu, mara nyingi ni eneo ambalo watu wanaogopa kuripoti, hasa pale bonasi ya timu nzima inapofungwa kwenye “siku bila ajali”. Linganisha na daftari la sanduku la huduma ya kwanza: bendeji zinazoisha zina maelezo yake. Linganisha pia na zahanati ya karibu, kwa kuomba idadi tu, bila majina ya wagonjwa.

Kambi ipimwe kwa tepu. Mwongozo wa IFC na EBRD (Benki ya Ulaya ya Ujenzi na Maendeleo) wa 2009 kuhusu makazi ya wafanyakazi unataja nafasi ya mita za ujazo 10 hadi 12.5 kwa kila mtu, umbali wa angalau mita 1 kati ya vitanda, choo kimoja kwa watu wasiozidi 15, na maji lita 80 hadi 180 kwa mtu kwa siku. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye dari ya mita 2.5 kina mita za ujazo 50: watu wanne, au watano kwa kubana. Ukikuta vitanda vinane, huna haja ya kuuliza maoni. Tembelea usiku, mchana vitanda huwa vimeondolewa au wenye navyo wako kazini.

Wanawake na unyanyasaji wa kijinsia

Anza na choo. Je, kipo cha wanawake peke yao, kina komeo kwa ndani, maji, taa, na pa kutupia taulo za kike? Kiko umbali gani kutoka wanapofanyia kazi? Mambo haya yanaonekana kwa macho, na yakikosekana hakuna asilimia ya ajira kwa wanawake itakayodumu.

Unyanyasaji wa kingono ni jambo zito kuliko yote katika sehemu hii, na lina namna yake ya kupimwa. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta ufadhili wa mradi wa barabara nchini Uganda uliojumuisha barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal, baada ya tuhuma nzito, zikiwemo za wafanyakazi wa mkandarasi kuwadhulumu kingono wasichana wenye umri mdogo. Wakazi ndio waliolifikisha suala la mradi huo kwenye Jopo la Ukaguzi la Benki, chombo kinachopokea malalamiko ya walioathiriwa na miradi yake. Barabara yenyewe ingeweza kupasi kila kipimo cha lami.

Usiweke kwenye dodoso swali linalomtaka mtu aeleze yaliyompata. Unaweza kumhatarisha, na huna cha kumpa. Pima badala yake kama mfumo upo na unafanya kazi: kila mfanyakazi amesaini kanuni za maadili katika lugha anayoielewa, kuna zaidi ya njia moja ya kuripoti, na angalau moja haipiti kwa mkandarasi, huduma ya afya na ya ushauri zimekubaliwa kabla, na anayepokea taarifa anajua la kufanya saa ileile. Majadiliano na wanawake na wasichana yaongozwe na mwanamke, yazungumzie usalama wa njia na maeneo kwa ujumla, na mwongozaji awe na namba za huduma mkononi. Taarifa kutokuwepo hata moja si ushahidi kwamba hakuna tatizo.

Majirani na waliohamishwa

Kwa dodoso la kaya, saizi ya sampuli huhesabiwa kwa n = N ÷ (1 + N × e²), ambapo n ni kaya za kuhoji, N ni kaya zote, na e ni kosa linalokubalika (asilimia 5 ni 0.05). Kaya 1,200 na kosa la asilimia 5 zinahitaji kaya 300. Kosa la asilimia 10 linahitaji kama 92. Kwa eneo moja la ujenzi, 92 zilizochaguliwa vizuri na kuhojiwa kwa utulivu, pamoja na majadiliano ya vikundi vinne au vitano, zinakupa ukweli kuliko 300 za harakaharaka. Gawanya sampuli kwa umbali: walio ndani ya mita 100, mita 100 hadi 300, na walio kando ya njia ya malori. Ukiwachanganya, wastani wa walio mbali utameza kilio cha walio karibu.

Daftari la malalamiko ni hazina, ukilisoma vizuri. Idadi ya malalamiko peke yake haina maana. Mradi wenye malalamiko 80 unaweza kuwa na afya kuliko wenye mawili. Tazama vitu vinne: siku za kati hadi kufungwa (chukua ile inayogawa orodha nusu kwa nusu, kwa sababu wastani huvurugwa na kesi chache), asilimia ya yaliyofunguliwa tena, yanayojirudia mahali palepale, na nani asiyelalamika kabisa. Chukua malalamiko kumi “yaliyofungwa”, nenda kwa wenyewe uwaulize yalifungwaje.

Jengo la Grenfell Tower jijini London liliteketea tarehe 14 Juni 2017 na watu 72 walikufa. Wakazi walikuwa wameonya kwa maandishi kuhusu usalama wa moto kabla ya siku hiyo. Lalamiko linalorudiwa na watu walewale mara kwa mara huwachosha wasimamizi. Mtathmini alipandishe juu ya orodha, asilipuuze.

Kwa fidia, mambo matatu hayana mjadala: ililipwa kabla ya kuhama, ililipwa kwa thamani ya kununua au kujenga upya bila kupunguza uchakavu, na wapangaji pamoja na wasio na hati walisaidiwa pia. Kisha rudi baada ya mwaka mmoja na tena baada ya miwili kupima kipato. Fedha mkononi siku ya malipo si maisha yaliyorudi.

Jengo likishaanza kutumika

Pima kilichojengwa, si kilichochorwa. Mchoro unaweza kuonyesha mlango usio na kizingiti. Fundi akiongeza tabaka la lipu na vigae upande mmoja, kinatokea kizingiti cha milimita 40 na kiti cha magurudumu kinakwama. Mteremko wa 1 kwa 12 ndio mkali zaidi unaokubalika katika kanuni nyingi: kupanda milimita 600 kunataka urefu wa mita 7.2, bila kuhesabu sehemu tambarare za kupumzikia. Upana wazi wa mlango, ukiwa umefunguliwa, usipungue milimita 800, na nafasi ya kugeuzia iwe na kipenyo cha milimita 1,500. Makosa ya mara kwa mara: sinki lililowekwa ndani ya duara hilo la kugeuzia, na choo cha watu wenye ulemavu kinachotumika kama stoo ya mifagio. Mwombe mtu anayetumia kiti cha magurudumu apite njia nzima kutoka barabarani hadi chooni, na umlipe kwa muda wake.

Joto, mwanga, kelele za ndani na gharama za matengenezo vipimwe baada ya watu kukaa miezi 12, ili misimu yote iwe imepita.

Alama na uzito

Tumia kipimo cha 0 hadi 4, na kila namba iwe na maelezo. Kwa malipo, kwa mfano: 0 ni kutolipwa au kazi ya kulazimishwa, 1 ni chini ya asilimia 80 kwa wakati, 2 ni asilimia 80 hadi 94, 3 ni 95 na zaidi, 4 ni 95 na zaidi kwa miezi sita mfululizo, wakandarasi wasaidizi wakiwemo, na uhakiki wa getini umethibitisha. Watathmini wawili watoe alama kila mmoja peke yake. Wakitofautiana kwa zaidi ya 1, warudi kwenye ushahidi, wasigawane katikati.

Uzito uamuliwe na watu wanaohusika. Kulinganisha mada mbilimbili, ukiuliza ipi ina uzito zaidi na kwa kiasi gani, kwa mbinu ya mwanahisabati Thomas Saaty kunafaa, mradi uwiano wa mkanganyiko, unaoonyesha majibu yanapingana kiasi gani, usizidi 0.10. Kwa vikundi visivyozoea majedwali, wape kila mtu mawe au maharage 20 ayagawe kwenye picha za mada. Kisha badilisha kila uzito kwa asilimia 20 juu na chini uone kama hitimisho linageuka. Likigeuka, sema hivyo kwenye ripoti.

Sasa sehemu inayobeba kila kitu. Tuseme majirani wamepata 3.5, watumiaji 3.2, ugavi 3.4, na wafanyakazi 0.8. Wastani ni 2.7, namba inayoonekana ya kuridhisha, na wafanyakazi wamezikwa ndani yake. Mazuri ya kundi moja hayalipi deni la kundi jingine. Kwa hiyo weka vizuizi: kazi ya watoto, kazi ya kulazimishwa, kuhamisha watu bila fidia, kifo ambacho hakijachunguzwa, au kulipiza kisasi kwa mlalamikaji. Kimojawapo kikithibitishwa, alama ya jumla haitolewi hadi kirekebishwe. Na hata pasipo vizuizi, ukurasa wa kwanza uonyeshe alama ya kila kundi, ya chini kabisa ikitangulia.

Kuifanya ripoti ifanye kazi

Kila tatizo liandikwe pamoja na chanzo, hatua, mwenye jukumu, tarehe, gharama na ushahidi utakaoonyesha limekwisha. Gharama ndiyo inayosahaulika. Vyoo, wafasiri, kumwagia maji barabara ya vumbi na muda wa afisa wa jamii viwe vipengele vyenye bei kwenye jedwali la kiasi cha kazi tangu zabuni. Vikiwekwa kama “wajibu wa jumla wa mkandarasi”, mwenye bei ya chini atashinda kwa kutoviweka, na baadaye kila ombi litakuwa madai ya nyongeza.

Matokeo yarudi kwa waliohojiwa ndani ya mwezi mmoja, kwa mkutano na kwa karatasi moja yenye lugha yao. Wasome wenyewe kilichoandikwa na wakisahihishe kabla hakijawa cha mwisho. Marekebisho yao yaambatishwe jinsi yalivyo, hata pale mtathmini anapobaki na msimamo wake.

Wakati wa ujenzi rudia kila miezi mitatu, na kila mara mkandarasi msaidizi mpya anapoingia. Mwishoni usiruhusu dawati la malalamiko lifungwe siku ya makabidhiano. Nyufa, mifereji iliyoziba na madai ya mishahara ya mwisho hujitokeza katika kipindi cha uangalizi wa kasoro, yaani muda baada ya makabidhiano ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha, na hapo mkandarasi ameshaondoa ofisi yake. Taja kwenye mkataba nani ataendelea kupokea malalamiko, kwa namba ipi ya simu, na kwamba fedha za mwisho zilizozuiliwa hazitaachiliwa kabla daftari hilo halijahakikiwa mlango kwa mlango.